Robo Toa Theluthi Mbili

Kizibao kilimkaa Profesa vizuri mno, na ndiyo maana hakukivua. Alikivaa juu ya fulana yake ya ndani, ile yenye matundu mawili mgongoni, akaanza kuzunguka chumba cha mbele ambacho mchana ni duka la kushonea na jioni ni sebule. Alipita kati ya cherehani na meza ya kukatia kama mkubwa anayekagua gwaride. Kila akifika kwenye kioo anasimama, anavuta tumbo ndani, analiachia, anavuta tena. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alikuwa ameinamia gauni la mteja mwingine na alishacheka mpaka mshono ukapinda.

Alimwambia avue, atakitia jasho. Profesa akajibu kwamba kizibao cha satini nyeupe hakivuliwi hovyo hovyo, kina heshima zake. Jumamosi ya juma lijalo, alisema, bibi harusi atakapoingia ukumbini watu watamtazama yeye kwanza, halafu watageuza shingo kuulizana yule bwana aliyevaa kitambaa kile kile ni nani. Fundi akamwambia aombe Mungu wasiulize. Wakacheka wote wawili. Walikuwa na miaka kumi na minane ndani ya ndoa na bado walikuwa wanachekeshana, jambo ambalo si haba.

Sasa, kitambaa chenyewe hakikuwa kitambaa cha kuchezea. Kililetwa na shangazi wa bibi harusi, matroni wa wodi ya watoto, mwanamke ambaye akipita kwenye korido hata mgonjwa asiyeweza kukaa hukaa. Alikinunua safarini, dukani kilikuwa kimebaki hicho hicho kimoja, na siku alipokileta alikiweka mezani kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. Masharti yake yalikuwa machache na hayakuwa na mjadala. Kisifunuliwe na kukunjwa mara kwa mara, kisiguswe na mkono wenye mafuta, kitoe gauni la bibi harusi, kisha sketi na blauzi ya mama yake. Kitakachobaki ni cha Fundi, kama desturi ya kazi ilivyo, kwamba vipande ni vya mshonaji. Halafu akasema, kwa upole uliotisha kuliko ukali, kwamba amewapita mafundi wawili wenye maduka ya vioo na kuja hapa kwa sababu ameambiwa mkono wa Fundi haukosei.

Maneno hayo yalimkaa Fundi kifuani siku nzima, yakimpa joto na hofu kwa pamoja. Mtaani kwao jina la fundi ndilo duka. Likichafuka, cherehani unaweza kuifunika shuka ukaenda kuuza maandazi, ukijua kuyapika.

Kwa kawaida Fundi hakuwa mtu wa hesabu za karatasi. Hesabu zake zilikuwa mezani. Alikuwa akitandaza kitambaa chote, anapanga juu yake vielelezo vyake vya karatasi ngumu, mbele, nyuma, mkono, kola, anavisogeza hapa na pale mpaka vienee, ndipo anashika chaki. Lakini hiki hakikuwa kitambaa cha kutandazwa na kusogezewa vitu. Basi Jumatatu walitandika mashuka mawili safi, wakakifunua mara moja, akakipima kwa tepu na kukiviringisha upya upesi upesi. Yadi nane na robo. Gauni pamoja na mkia wake lilitaka yadi tano na futi mbili. Mavazi ya mama mtu yalitaka yadi mbili na nusu. Na hapo ndipo Profesa alipochomoa penseli nyuma ya sikio.

Profesa alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja, anayejua faili gani liko kabati gani kwa kulinusa. Jina lake alilipata siku aliposahihisha bei kwenye ubao wa duka la rangi, kwa chaki yake mwenyewe, mchana kweupe, bila kuombwa na mtu. Akamwambia mkewe kwamba kazi ya kitaalamu huanzia kwenye karatasi. Yadi ina futi tatu, kwa hiyo futi mbili ni theluthi mbili, andika. Nane na robo, toa tano na theluthi mbili. Nane toa tano ni tatu, hilo halikumsumbua. Alipofika kwenye robo na theluthi mbili alisita kidogo, akajikuna sikio, halafu penseli ikashika kasi tena na akatoka na jibu kama mtu anayetoka na samaki mkononi. Tatu na tano ya kumi na mbili. Ondoa mbili na nusu ya mama mtu, kinabaki kumi na moja ya kumi na mbili.

"Karibu yadi nzima, Mama Kitinda," alisema. "Inchi thelathini na tatu, halali yetu kabisa."

Karatasi ile aliipenda mpaka akaibandika ukutani kwa pini. Fundi naye akafanya jambo ambalo fundi yeyote mwenye busara angelifanya. Satini ni kitambaa chenye kiburi, huteleza chini ya sindano na kukumbuka kila tundu, na hutaki kuanza kujuana nacho kwenye gauni la harusi. Basi akakata kwanza ile inchi thelathini na tatu ya nje, ambayo ni yao, ili ajifunze tabia yake kwa kushona kitu kidogo. Ndicho hicho kizibao. Mbele satini, nyuma bitana. Akajifunza vizuri sana, na leo, Alhamisi, alikuwa tayari kukata gauni.

*

Kitinda, mtoto wao wa mwisho, aliingia kutoka shule na begi limemvuta bega moja. Alikuwa darasa la sita, binti asiyependa kelele lakini akishika neno haliachii. Aliwasalimu, akamtazama baba yake juu mpaka chini, akamuuliza kama amepata kazi ya kupokea wageni hotelini. Kisha akasafisha kona ya meza ya kukatia na kufungua daftari lililojaa alama nyekundu za kukosa, ukurasa mzima.

Profesa hawezi kuona daftari akapita. Aliinama juu ya bega la binti yake, mikono nyuma, kizibao kiking'aa, akasoma kwa sauti kichwa cha somo kuwa ni kutoa sehemu zenye namba nzima na asili tofauti. Akamweleza, kabla ya kuulizwa, kwamba asili ni ile namba ya chini, na kwamba namba za chini zikitofautiana lazima zipatanishwe kwanza kama majirani. Swali lilikuwa sita na moja ya tano, toa tatu na nusu.

Aliifanya palepale kwa kidole hewani. Sita toa tatu, tatu. Nusu na moja ya tano zote zinakubali kumi, nusu ni tano, moja ya tano ni mbili, tano toa mbili ni tatu. Jibu, tatu na tatu ya kumi. Akanyoosha mgongo.

"Baba, hivyo ndivyo tulivyofanya darasa zima," Kitinda alisema. "Ndiyo maana tumekosa darasa zima."

Profesa alicheka kwa huruma, akauliza mwalimu wao ana umri gani. Alisema tangu enzi zake kanuni ni moja, ndogo inatoka kwenye kubwa, hata mtoto wa chekechea anajua huwezi kutoa ng'ombe ndani ya mbuzi. Kitinda akasubiri amalize. Alikuwa na subira ya mama yake.

"Lakini nusu ndiyo inayotolewa. Wewe umeigeuza, umetoa moja ya tano kwenye nusu. Tuseme una mikate sita na kipande kidogo, na mtu anadai mitatu na nusu. Kile kipande hakifiki nusu. Inabidi uvunje mkate mmoja mzima. Inabaki mitano mizima, na vipande vyako vinaongezeka, vinakuwa kumi na viwili vya kumi. Hapo unatoa vitano, vinabaki saba. Mitano toa mitatu, miwili. Jibu ni mbili na saba ya kumi."

Profesa akasema haoni sababu ya kuharibu mkate mzima wakati kuna njia safi. Akasema pia kuwa vitabu vya siku hizi vina makosa ya uchapaji. Kitinda akachukua jibu la baba yake, akalijumlisha na tatu na nusu pembeni mwa ukurasa, taratibu, akamgeuzia daftari. Ilitoka sita na nane ya kumi. Walianza na sita na mbili ya kumi. Mikate ya Profesa ilikuwa imezaana.

Muda wote huo cherehani ilikuwa ikiunguruma. Sasa ikanyamaza. Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli, akaondoa mkono kwenye gurudumu, akawa anatazama ukutani.

"Baba Kitinda," alisema polepole. "Ile yangu uliitoaje?"

Profesa aliangalia dari. Dari haikuwa na msaada. Kitinda akauliza ile ipi, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu alifuata macho ya mama yake mpaka kwenye karatasi, akaichomoa pini, akaisoma. Nane na robo, toa tano na theluthi mbili. Akaandika chini yake bila kusema kitu. Robo na theluthi zinakubali kumi na mbili. Robo ni tatu, theluthi mbili ni nane. Tatu toa nane haiwezekani, basi vunja yadi moja kati ya zile nane, zibaki saba, na vipande viwe kumi na tano vya kumi na mbili. Saba toa tano, mbili. Kumi na tano toa nane, saba.

"Mbili na saba ya kumi na mbili," alisoma. "Siyo tatu na tano. Na ukitoa mbili na nusu ya mama wa bibi harusi, inabaki moja ya kumi na mbili."

Fundi hakuhitaji kuambiwa hiyo ni kiasi gani. Yadi ni inchi thelathini na sita, na sehemu yake ya kumi na mbili ni inchi tatu. Aliinua mkono akatazama upana wa vidole vyake vinne. Hiyo ndiyo iliyokuwa halali yao. Yeye alikuwa amekata thelathini na tatu.

Moyo ulimdondoka mpaka kwenye pedeli. Aliona uso wa matroni, akaona mama wa bibi harusi ameingia ukumbini na sketi inayoishia mapajani, akaona shuka juu ya cherehani. Ajabu ni kwamba aliyecheka kwanza alikuwa yeye. Kicheko kilimtoka chenyewe, kile kicheko cha msibani kisichotaka ruhusa, kwa sababu Profesa alikuwa bado amesimama mbele ya kioo ndani ya inchi thelathini za watu, tumbo limevutwa ndani, akiogopa kupumua. Kitinda akamfuata mama yake. Profesa alijaribu kubaki na hadhi. Aliuliza kama satini haivutiki kidogo ikipigwa pasi. Akauliza kama mama mtu hawezi kupungua, siku tisa si chache. Swali hilo la pili lilimmaliza Fundi, akashika mbavu na kuegemea meza, machozi yanamtoka, na hakujua tena yapi ni ya kicheko na yapi ni ya hofu.

Ndipo sauti ikabisha hodi mlangoni, sauti ya mtu aliyezoea kufunguliwa.

*

Hapakuwa na muda wa kufungua vifungo sita vya kizibao. Fundi alinyakua nguo ya kwanza iliyoning'inia, koti zito la mlinzi mmoja lililoletwa kwa matengenezo, akamvika mumewe. Profesa alilifunga mpaka shingoni. Ila matengenezo yenyewe yalikuwa ni kuweka vifungo viwili vilivyokatika, navyo vilikatika katikati kabisa, kwenye kitovu. Satini nyeupe ikachungulia kupitia uwazi ule. Profesa akauziba kwa kiganja, na hakukitoa tena.

Shangazi wa bibi harusi aliingia na mfuko wa lesi. Alisema hakai, amepita tu kuacha lesi ya kupambia kola, na kuona kazi imefikia wapi. Kisha akamwona Profesa, amevaa koti la baridi mchana wa jua kali, kijasho chembamba kinamtambaa kwenye paji la uso, mkono umeshika tumbo.

Mwanamke yule alikuwa na miaka thelathini ya kazi, na mbele ya mgonjwa hakuwa mtu wa kuomba idhini. Alimuuliza shemeji ameanza lini kuumwa. Profesa akasema si kuumwa, ni gesi tu. Aliulizwa amekula nini, akajibu hakumbuki. Akawekewa mkono kwenye paji, akaambiwa ana joto. Akaambiwa avue koti alale pale kwenye meza ya kukatia, tumbo libonyezwe. Profesa alirudi nyuma mpaka akagota kwenye cherehani. Kitinda alikuwa amejificha nyuma ya daftari, na daftari lilikuwa linatikisika.

Fundi aliona hakuna pa kukimbilia. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, shemeji yako haumwi. Mimi nimekata kitambaa chako vibaya. Nimekipunguza inchi thelathini. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na kosa ni langu."

Profesa alimtazama mkewe. Katika miaka kumi na minane alikuwa amewahi kukosea mambo kadhaa, na kila kosa alilipatia maelezo mazuri, na mkewe alimwachia maelezo yake. Lakini hakuwahi kumwona mkewe akilibeba kosa lisilo lake mbele ya mtu. Aliona aibu iliyomchoma kuliko joto la koti. Akatoa mkono tumboni, akafungua koti lote, likaanguka chini.

"Mkasi ulifuata karatasi," alisema, "na karatasi ni yangu."

Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wamemwona Profesa siku ile. Alisimama na kizibao cha harusi juu ya fulana ya matundu, jasho limemlowesha, mikono imening'inia. Shangazi alivaa miwani. Alikitazama kizibao kwa muda mrefu kama kidonda. Kisha akanyoosha mkono, akataka hiyo karatasi.

Aliisoma mara mbili. Akamuuliza Profesa, hapa ulitoa nini kwenye nini. Profesa akaeleza kwa sauti ndogo kwamba alitakiwa kutoa theluthi mbili kwenye robo, akaona robo haitoshi, basi akatoa robo kwenye theluthi mbili.

"Kwenye wodi yangu kuna watoto wanaopewa robo tatu ya kidonge," shangazi alisema. "Muuguzi akiniletea hesabu kama hii, simpi kidonge akigawe. Nampa fagio."

Akaamuru ifanywe upya palepale. Profesa akashika penseli, Kitinda akasimama kando yake, na mtu aliyesahihisha ubao wa duka la rangi akasahihishwa na binti wa darasa la sita, hatua kwa hatua, mbele ya mteja. Alipofika kwenye tatu toa nane mkono ukataka kugeuza tena kwa mazoea. Kitinda akakohoa. Profesa akafuta, akavunja yadi moja, akaandika kumi na tano. Alipopata mbili na saba ya kumi na mbili alitabasamu bila kutaka, kwa sababu hata katika aibu, jibu sahihi lina utamu wake.

Shangazi hakutabasamu. Alimgeukia Fundi. Alisema kitambaa kile hakikuletwa kwa Profesa, kililetwa kwake yeye, na kile ambacho mkono wake unakijua ndicho shangazi alichokifuata.

"Nipe chai," alisema. "Nikimaliza kikombe uniambie kitambaa kinapona, au nakibeba kama kilivyo niwapelekee wale wa maduka ya vioo. Nao nitawaeleza kwa nini."

*

Fundi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alitandika mashuka, na safari hii masharti ya kutofunua aliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Akakitandaza kitambaa chote kama alivyotakiwa kufanya tangu Jumatatu. Akamvua mumewe kizibao, akakifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na Profesa akabaki na fulana yake akishikilia pini kwenye kisahani. Vile vijipande vya pembeni alivyovikata wakati ule navyo vilikuwepo, kwenye mfuko. Hatupi kitu, Fundi.

Gauni aliliweka kwanza, bila kupunguza hata unyuzi. Bibi harusi hana kosa. Baada ya gauni vikabaki vipimo ambavyo havihitaji penseli, inchi sitini, mahali ambapo panatakiwa tisini. Alizunguka meza mara tatu. Hofu ilikuwa imeshamtoka sasa, kwa sababu mikono ikiwa na kazi hofu haina pa kukaa. Alianza kuimba chini kwa chini. Kitinda alipomsikia mama yake anaimba alimkonyeza baba yake.

Sketi ile ilipangwa kukatwa kwa mapana, mbele moja, nyuma moja, na ukikata hivyo unaacha pembe kubwa za bure. Fundi aliiondoa sketi hiyo kichwani akatengeneza nyingine, ya vipande sita vyembamba, kila kimoja chembamba kiunoni na kipana kwenye pindo. Kimoja alikilaza kichwa juu, kilichofuata kichwa chini, vikaingiana ubavu kwa ubavu, bila kubaki nafasi hata ya kidole, vikaenea vyote sita. Alijua satini ikigeuzwa hubadili mng'ao, kipande kimoja kitawaka na jirani yake kitafifia. Kwa fundi mwoga hilo ni kosa. Alilitazama kwa kichwa kilichoinama upande, akaona kwamba mwenye sketi akitembea itakuwa kama maji yanayotikisika. Akacheka peke yake.

Blauzi ilibaki. Mgongo na mikono alivipata kwenye masalia ya kitambaa kikubwa. Kifua hakikutosha. Akainua zile pande mbili za mbele za kizibao, akazipiga pasi, akaziweka chini ya kielelezo cha karatasi. Zilienea. Kifua cha Profesa kikawa kifua cha mama wa bibi harusi, na kila mshono usiotakiwa kuonekana alipanga kuupitishia ile lesi aliyoileta shangazi mwenyewe.

Alipoinua uso kusema amemaliza, aligundua shangazi hakuwa kwenye kiti. Kikombe cha chai kilikuwa mezani kimejaa, kimepoa, na utando umekaa juu. Shangazi alikuwa upande wa pili wa meza amevua viatu, akimshikilia pindo la gauni lisiteleze, na sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

Alivikagua vipande vyote. Akavihesabu kwa kidole. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwa nini mtindo huu hakuonyeshwa tangu mwanzo. Kisha macho yake yakamwangukia Profesa, aliyekuwa bado amesimama kama mhudumu na kisahani cha pini, fulana ya matundu, penseli nyuma ya sikio, na kitu fulani ndani ya matroni yule kikafunguka. Alicheka. Alianza kwa pua, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaketi juu ya koti la mlinzi, na miwani ikamtoka. Kila akitaka kusema anasema neno gesi tu, na anaanza upya. Wote wanne hawakuwa na mbavu siku ile.

Alipopata pumzi aliuliza kimebaki nini. Kitinda akasema kwa hesabu zilitakiwa kubaki inchi tatu. Fundi akamwambia mwanawe kwamba daftari halijui kuwa mshono nao unakula. Alipekua mashuka, akapata kipande kimoja chenye upana wa kiganja cha mtoto, na akakitoa kwa mkono wazi.

"Desturi ni desturi," shangazi alisema, akamfunga vidole juu yake. "Baki ni ya fundi."

*

Siku ya harusi bibi harusi aliingia ukumbini na watu wakamtazama, kama ilivyo haki. Lakini muziki ulipopigwa, mama yake alinyanyuka kucheza, na sketi ya vipande sita ikaanza kazi yake. Akigeuka kushoto vipande vitatu vinawaka, akigeuka kulia vinazima na vingine vinawaka. Yule mama alipogundua hakukaa tena. Wanawake waliacha sahani zao. Shangazi alisimama katikati akipiga makofi, amesimamia jambo lile kama kwamba ndiye aliyelizaa.

Fundi alikuwa meza ya nyuma na mumewe na binti yake, furaha imemjaa mpaka hawezi kumeza chakula. Meza yao ilizungukwa. Huyu anataka sketi kama ile, yule ana kitambaa ndani, mwingine anauliza alete yadi ngapi. Na kwa kuwa mtaa umezoea kumwuliza yeye kila kitu, nyuso zote zikamgeukia Profesa. Mmoja akamwuliza ni nani aliyewaza kitu kile.

Mkono wa Profesa ulipanda kwenye sikio kutafuta penseli. Haikuwepo. Tangu Alhamisi ile ilikuwa ikikaa kwenye begi la Kitinda. Fundi aliweka kijiko chini, kwa sababu anamjua mumewe, na alijua maelezo mazuri yalikuwa yameshajipanga mdomoni.

"Waulizeni hawa wawili," Profesa alisema. "Mimi nilichangia kosa tu. Na lilikuwa kubwa, muulizeni shangazi."

Akawasimulia. Aliwasimulia yote, robo na theluthi mbili, mikate iliyozaana, koti la mlinzi, gesi, akisimama kuonyesha alivyoziba kitovu, na meza ile ilicheka mpaka meza za jirani zikasogeza viti. Fundi hakuwahi kumsikia akisimulia jambo ambalo yeye ndiye mjinga wake. Alimtazama ndani ya koti lake la kahawia la siku zote, lenye vifungo vitatu, viwili vya kahawia na cha katikati cheupe, kilichofunikwa kwa satini ya bibi harusi, akaona anampenda kuliko siku ile ya kizibao.

Profesa alimaliza hadithi akaketi, kifua mbele, akikizungusha kile kifungo kwa vidole viwili. Tumbo alikuwa amelivuta ndani tangu waingie. Sasa, kwa raha, akataka kuliachia.

"Taratibu, Baba Kitinda," Fundi alimwambia sikioni. "Hicho kikikatika, sina kitambaa cha kingine."